Mabibi Uchi wa Mama

"Mabibi uchi watatoka wiki hii," Mama alisema huku akikoroga chai. "Wakitoka, tutakaa nao uani tustarehe."

Kaka yangu Graeme aliweka kikombe chini, akanitazama kwa furaha ya mtu aliyeokota pochi barabarani. Alikuwa ametoka Adelaide asubuhi ile, viatu vinang'aa, akitafuta sababu ya kumpeleka Mama kwenye makao ya wazee na kuiuza nyumba. Akanivuta jikoni.

"Umesikia, Noreen? Akili imeshamruka. Anaona wanawake uchi!"

Nilicheka mpaka nikashika sinki. Pale Burra, mji wetu mdogo wa Australia, hata mtoto wa chekechea anajua kwamba mabibi uchi ni maua. Kiangazi chote udongo wao huwa mkavu, utadhani hapajapandwa kitu. Jua likianza kupoa mwezi wa Aprili na mvua ya kwanza ikigonga, mabua yanachomoza na maua ya rangi ya waridi kichwani, bila hata jani moja la kujisitiri. Mama alikuwa nao safu nzima kando ya uzio. Graeme alizaliwa nyumba ile ile, akala na kushiba pale mpaka alipokwenda shule ya bweni, na hakuwahi hata siku moja kuuliza mama yake anapalilia nini. Lijitu zima!

Sikumwambia. Nilitaka aumbuke mbele ya watu, na mpaka leo sijutii.

Mama ndiye aliyenitia uchungu. Jioni ile alinishika mkono akauliza, "Wakinihamisha, nani atawaangalia?"

Kesho yake Graeme akamleta Kerrin, nesi anayepima akili za wazee.

"Haya, Bi Merle, siku hizi unashughulika na nini?"

"Nawasubiri mabibi uchi."

Graeme akajikohoza. "Umejionea mwenyewe, nesi."

"Kumbe wako hawajatoka bado?" Kerrin akashangaa. "Wangu wametoka Jumapili. Mume wangu haondoki uani, mshenzi yule!"

Wakaangua kicheko, yeye na Mama. Graeme akabaki anatugeukia mmoja mmoja, mdomo wazi, akingoja mtu amfafanulie. Hakuna aliyejisumbua. Tulitoka uani, naye akatufuata kama mgeni. Mabua mawili yalikuwa yamepasua udongo usiku, na moja lilikuwa limeshafungua ua. Mama akalinusa, akafumba macho, akatabasamu. Graeme akasimama juu ya tuta, na viatu vyake vile, karibu alikanyage la pili.

"Toka hapo, wewe!" nikamfokea.

Kerrin alikuwa bado anacheka. "Swali la mwisho, Bi Merle, halafu nakuacha na maua yako." Akamnyooshea Graeme kidole. "Huyu unamjua?"

Mama akamwangalia mwanawe kuanzia utosini mpaka kwenye viatu, bila haraka.

"Nilimzaa," alisema. "Kumjua, hapana."

Kerrin akaacha kucheka. Akafikiri kidogo, kisha akasema jibu hilo ni sahihi.