Tarumbeta ya Dedan

Mume wangu alikuwa mtu wa tarumbeta. Wimbo usio na tarumbeta, kwake, ulikuwa ugali bila mboga: utashiba, lakini utakasirika. Mimi ni mtu wa gitaa. Nipe gitaa la polepole na mwimbaji anayejua anachotaka kusema, basi nimeridhika. Tuliishi na ugomvi huo miaka yote ya ndoa yetu, na kusema kweli ndio ugomvi pekee ninaotamani urudi.

Tulikuwa na hoteli Kyumbi, pale barabara ya Machakos inapoachana na ya Mombasa. Hoteli ni jina tu. Ilikuwa chumba cha mabati, meza chache na jiko la makaa. Mimi nilipika chai na mandazi ndani, Dedan akaziba pancha nje. Redio ilikaa juu ya kabati la vyombo, na mawe yake ya betri yakichoka tuliyaanika juani kando ya sufuria ili yapate nguvu kidogo. Jumamosi alasiri hakuna mteja aliyeruhusiwa kuongea, maana hiyo ilikuwa saa ya salamu na zilipendwa.

Kama hukuishi miaka hiyo ya tisini, wacha nikueleze. Ulinunua kadi ya salamu dukani, ukaandika jina lako, unaowasalimia, wimbo unaoutaka na ujumbe. Ukaitia posta, ukangoja. Siku ikifika mtangazaji anaisoma, na Kenya nzima inajua upo. Watu walijipa vyeo vikubwa kuliko vya mawaziri. Dedan alikuwa Daktari wa Pancha. Rafiki yake Muindi, mchongaji wa vinyago kule Wamunyu, alikuwa Mzee wa Tezo, kwa sababu ya kile kishoka chake cha kuchongea.

Muindi alianza kama mteja. Akipeleka twiga na vifaru vyake vya mbao Nairobi, alishuka kwetu kunywa chai. Siku moja alitukuta tunapigania redio. Tarumbeta imeanza, mimi napunguza sauti, Dedan anapandisha. Akacheka mpaka chai ikampalia.

"Mama Kiama," akaniambia, "wewe kila siku gitaa, gitaa, kama mtu ako matanga."

Nikamwambia anywe chai kabla haijapoa.

Halafu gogo la mti likamviringikia Muindi kiunoni, na kutembea kukaisha. Akawa wa kulala kando ya dirisha na redio yake. Dedan hakuweza kufunga kazi kwenda Wamunyu kila mara, kwa hiyo alimtumia salamu. Alichagua nyimbo za furaha za ujana wao, za miaka ya sitini na mwanzo wa sabini, walipokuwa wakicheza twisti na viatu vya ncha kali vilivyowabana vidole. Ujumbe wake haukubadilika: milima haikutani, binadamu hukutana. Muindi naye alijibu kwa kadi zake. Katika moja alisema ile tarumbeta ilimfanya aketi, na alipoketi akaitisha tezo. Hakurudia vifaru, lakini alianza kuchonga miiko na vijiko. Dedan alitembea na habari hiyo Kyumbi nzima kana kwamba yeye ndiye aliyempasua mgongo na kumponya.

Dedan alikufa muda mfupi kabla ya mvua za El Niño. Alishikwa na kifua mwanzoni mwa wiki, na wiki haikuisha naye. Tulimzika Yatta kwenye shamba letu. Tangazo la kifo lilisomwa redioni kwa Kikuyu, kwa ajili ya watu wetu, na Wamunyu, kwa Wakamba, hakuna anayesikiliza Kikuyu.

Baada ya mazishi nikafungua hoteli, kwa sababu kukaa nyumbani kulinishinda. Jumamosi ikafika, nikawasha redio kwa mazoea. Mtangazaji akasoma: "Daktari wa Pancha, Kyumbi, akiwa na Mama Kiama, anamsalimia Mzee wa Tezo, Wamunyu." Ilikuwa kadi aliyoituma akiwa mzima. Jina lake lilitajwa kwa furaha, kama la mtu ambaye yuko tu hapo nje anaziba gurudumu. Nilikaa chini sakafuni na mwiko mkononi. Nilijua hakuna kadi nyingine njiani.

Jumatatu nikanunua kadi, nikaandika jina lake.

Nilijiambia nafanya hivyo kwa ajili ya Muindi. Mgonjwa akiambiwa rafiki yake amekufa ataiweka tezo chini, na akishaiweka hataiokota tena. Nani angenilaumu? Lakini moyoni niliogopa kitu kimoja, na nilikijua vizuri: Jumamosi itakayopita bila mtu yeyote kulitaja jina la Dedan.

Kadi ya kwanza iliposomwa, Kimeu, mteja wetu muuza mahindi, aliweka kikombe chini.

"Mama Kiama, si huyu Daktari tulimzika? Mimi nilishika koleo na hii mikono yangu."

"Ulishika koleo, hukushika kalamu," nikamwambia. "Kunywa chai."

Akakiinua kikombe, akanywa. Wengine walinong'ona kwamba Mama Kiama amechanganyikiwa. Wanong'one. Mandazi yangu walikula.

Mwanzoni niliomba tarumbeta, kama ambavyo angeomba yeye. Halafu mvua ile ikashika. Barabara zikakatika, wateja wakapotea, nikawa naongea na sufuria. Siku moja nikaandika wimbo wa gitaa, ule niliokuwa nikiuimba nikichuma kahawa kabla sijaolewa. Sikufikiria, mkono ulijiandikia. Wiki iliyofuata nikaomba mwingine, na mwingine. Niliziita salamu za Dedan, na kila moja ilikuwa na gitaa. Muindi aliendelea kujibu vilevile, "Mzee wa Tezo anamsalimia Daktari wa Pancha," nami nilifurahi kwamba nimemficha vizuri.

Mvua zikaisha. Hoteli ikajaa tena, Kimeu akarudi kwenye kiti chake kando ya kabati. Jumamosi moja nilikuwa nakanda unga nilipomsikia mtangazaji.

"Mzee wa Tezo, Wamunyu," alisoma, "anamsalimia Njoki wa Kyumbi."

Niligeuka kuangalia kama kuna Njoki mwingine mlangoni. Katika kadi zote hizo nilikuwa Mama Kiama, tena nyuma ya maneno "akiwa na". Jina langu sikuwahi kulisikia redioni.

"Ujumbe wake: Dada Njoki, pole. Dedan hajawahi kuomba gitaa. Nilijua zamani, nikaendelea kukuitikia ili usikae peke yako. Mimi bado nachonga. Leo nakurudishia tarumbeta yake."

Hoteli nzima ilikuwa inaniangalia. Nilisimama na unga mpaka viwikoni, na aibu, na kitu kingine ambacho hakikuwa aibu. Miezi yote hiyo nilidhani ninamuuguza mtu wa Wamunyu. Kumbe mgonjwa nilikuwa mimi, na yeye, pale kitandani kwake, ndiye aliyekuwa akiniangalia nisizame.

Tarumbeta ikaanza. Ilikuwa ileile ya siku ya kugombana, yenye mlio wa kiburi. Kimeu alinyoosha mkono kwenye redio apunguze sauti, kwa heshima, maana alijua nilivyoichukia.

"Wacha," nikasema. "Pandisha."

"Nipandishe?"

"Mpaka mwisho, Kimeu."

Akapandisha. Vijiko vikatetemeka kabatini, madereva wakachungulia mlangoni, nami nikamlilia mume wangu mbele ya wateja kwa mara ya kwanza, kwa sauti, bila kujifunika uso. Hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Jumatatu nilinunua kadi. Mahali pa mtumaji niliandika Njoki, Kyumbi. Nikamsalimia Mzee wa Tezo, nikamwambia wiki hiyohiyo nafunga hoteli nije kumwona, maana milima ndiyo haikutani. Mahali pa wimbo nikaandika wowote ule, mradi uwe na tarumbeta.