Aliyevaa Sweta Mbele ya Tanuri

Mle kwenye chumba cha kuokea mikate, joto lilikuwa la kumtoa mtu roho, na wenzake wote walifanya kazi vifua wazi. Yeye alivaa sweta. Wakamwita Sweta, naye akalipokea jina kwa mikono miwili, maana alijua wakikiona kilichomo ndani watampa baya zaidi. Tangu ujanani kifua chake kiliota matiti. Si unene wa kula, la! Matiti hasa, na kila alipokumbatia gunia la unga yalimuuma hadi machozi yakamlengalenga.

Haya, mtu huyo huyo akapata mchumba, muuza dawa wa duka la jirani, mcheshi, kicheko chake unakisikia toka nje. Wakapendana kweli. Lakini Sweta alikwisha kuahirisha harusi mara mbili bila kusema sababu. Aliapa hatavua shati mbele ya mke akiwa vile.

"Nivumilie kidogo tu," alimwambia. "Kuna jambo nalimaliza."

Jambo lenyewe alilijua dada yake mkubwa peke yake, na ndiye aliyemburuta kwa daktari wa upasuaji. Daktari akaminyaminya, akasema njia ni mbili.

"Ya kwanza tunatoboa kitundu, tunafyonza mafuta. Kovu dogo, unarudi kazini mapema. Ila kwako itakuwa kazi bure, hii si mafuta, ni tezi. Ya pili tunapasua chini ya chuchu, tunaitoa tezi yenyewe. Kovu litabaki, na chuchu inaweza kufa ganzi."

"Angekuwa mdogo wako ungefanyaje?" dada akauliza.

"Ningepasua."

"Basi pasua," Sweta akasema, upesi hadi daktari akacheka.

Ikabaki bima ya kazini, kwani kwa mshahara wake angezeeka akidunduliza. Na bima hailipii urembo, inalipia ugonjwa na maumivu. Ilibidi aonwe na daktari wao, mara moja tu, na neno la huyo ndilo la mwisho. Dada akamfunda njia nzima.

"Usijitie ushujaa. Sema yanauma. Sema habari za magunia. Sema huwezi kulala kifudifudi."

"Dada jamani, mimi mtoto?"

Akaingia peke yake. Nyuma ya meza alikaa mama mtu mzima, miwani puani, rika la mama yake mzazi kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya niambie, matiti yanakuuma?"

Mwanangu! Angemtamkia mama wa watu habari za matiti yake kwa mdomo gani? Kwao mtoto wa kiume halalamikii mwili wake mbele ya mama. Akatazama viatu vyake.

"Hapana, mama. Kidogo tu. Namshukuru Mungu."

"Kazini hayakusumbui?"

"Nimeshazoea, mama."

Yule mama akaitikia kwa kichwa kwa upole, akamtakia siku njema. Lo! Miaka yote hiyo ameumia kimyakimya, leo anaulizwa na mtu mwenye uwezo wa kumsaidia, anajibu amezoea!

"Umesema?" dada akamuuliza mlangoni.

"Nimesema."

Dada akamkumbatia kwa furaha, akambana kifua, naye akauma meno.

Jibu lilikuja kwa simu, wakiwa wote nyumbani kwa dada. Msichana wa bima alikuwa na sauti tamu.

"Pole sana, kaka. Daktari wetu ameona huna maumivu. Ni suala la mwonekano, hatutaweza kulipia."

Dada akampokonya simu. Akafoka, akabembeleza, mwisho akalia.

"Lakini dada yangu, mwenyewe alisema haumwi," yule msichana akajibu.

Dada akaiweka simu mezani, akamgeukia. Hakumtukana. Afadhali angemtukana.

"Kwa nini?"

"Aliniita mwanangu," akasema, na aibu ikamjaa tele.

Jioni alimkuta mchumba wake akifunga duka.

"Jambo lako limekwisha?" binti akamuuliza kwa uchangamfu.

"Limekwisha."

"Basi tupange siku, bwana!"

"Usinisubiri tena."

Binti akacheka, akidhani ni mzaha. Kisha akamtazama usoni, na kicheko kikakatika.

"Kwani nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu."

"Niambie basi!" Akanyoosha mkono amshike sweta kifuani, amzuie asiondoke. Sweta akaruka nyuma kama aliyeona nyoka. Binti akaiona ile hofu machoni pake, akadhani ni chuki, akarudi dukani akajifungia.