Jani la Mharage na Karatasi Nyeusi

Nianze na aibu yangu: mimi nina hasira za karibu. Wanafunzi wanajua, walimu wenzangu wanajua, hata paka wa shule anajua, maana akisikia nafungua mlango wa chumba cha sayansi hutorokea dirishani bila kuaga. Miaka kumi na tisa nimefundisha darasa la tano jinsi mimea inavyoota, inavyojipikia na inavyozaana, na miaka yote hiyo niliamini kwamba mtoto akikaa kimya mbele yangu, basi ameelewa.

Muhula huu mwalimu mkuu alinijia na jambo. Madawati mabovu yamejaa kwenye korido, watoto wanajikwaa, anatafuta pa kuyaweka, na jicho lake limetua kwenye chumba changu. Si mtu mbaya, ila akishaona chumba chenye kabati moja na sinki inayovuja anaona stoo. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tukaafikiana kwamba Jumatatu mkaguzi wa shule angekuja kukaa kwenye kipindi changu, na kama angesema chumba kile hakifundishi lolote ambalo ubao wa kawaida hauwezi, madawati yangeingia siku hiyo hiyo. Nikasema sawa, tena kwa kiburi, kwa sababu nilikuwa na jaribio ambalo halijawahi kuniangusha.

Jaribio lenyewe ni hili. Unachukua mharage uliooteshwa kwenye kopo la rangi, unaufungia kabatini siku mbili ili majani yamalize wanga yaliojiwekea. Ukiutoa, unabana kipande cha karatasi nyeusi katikati ya jani moja, juu na chini, halafu unauweka mmea juani. Baadaye unalichuma jani lile, unalichemsha, unalitoa rangi ya kijani kwa spiriti, unalidondoshea iodini. Penye wanga panageuka peusi. Pale palipofunikwa panabaki na rangi ya kahawia ya iodini yenyewe, kwa sababu pasipo na jua hapakupikwa kitu. Mtoto akiona ule mstari katikati ya jani hausahau mpaka anazeeka.

Ijumaa niliwaeleza darasa. Mimi hufundisha kwa mambo ya nyumbani: jani ni jiko, jua ni moto, maji yanapandishwa na mizizi, hewa inaingilia kwenye vitundu vidogo vya jani, na chakula kikiiva kinagawiwa mmea mzima. Wakasikiliza vizuri. Nikabeba makopo mawili ya maharage, moja la kazi na moja la akiba, nikayatia kabatini. Hapo ndipo yule tunayemwita Bibi akanyoosha mkono.

Bibi ana miaka kumi. Jina hilo wenzake walimpa kwa sababu ana huruma za kizee. Akijigonga kwenye benchi, benchi ndilo linalopigwapigwa na kuambiwa pole. Chaki ikikatika, anaviokota vipande vyote viwili na kuviweka pamoja. Aliuliza ule mmea ukishamaliza akiba yake itakuwaje. Kengele ilikuwa imeshalia, mimi nina funguo mkononi, nikamjibu kwa mkato kwamba ukimaliza utakaa na njaa, basi, beba mkoba wako. Akabeba. Alitoka akigeuka geuka kulitazama kabati, nami nikafunga mlango.

Jumatatu saa moja asubuhi nikalitoa kopo la kazi, nikachagua jani pana, nikabana karatasi kwa kibanio, nikaweka dirishani. Jua lilikuwa kali la kupendeza. Nikaenda kufundisha madarasa mengine huku moyo umetulia tuli.

Saa nane mkaguzi akaingia. Mama mmoja mrefu, mpole, mwenye daftari dogo na miwani iliyofungwa uzi. Mwalimu mkuu akakaa nyuma karibu naye, miguu ameinyoosha, na nikamwona akiupima ukuta kwa macho. Watoto thelathini na wanne wakaizunguka meza yangu. Nikaondoa karatasi, nikalikata jani kwa mkasi, nikalitumbukiza kwenye maji yanayochemka. Nikazima jiko kwanza kabla ya kuleta spiriti, nikawaeleza kwa nini, maana spiriti haina mchezo na moto. Jani likatoka jeupe, limekauka kama karatasi. Nikalilainisha kwa maji ya vuguvugu na kulitandaza juu ya sahani nyeupe.

Nikatangaza kwa sauti kubwa kwamba katikati patabaki kahawia. Nikadondosha iodini.

Jani likawa jeusi. Pembeni jeusi, katikati jeusi, jeusi kote. Nilingoja, labda inachelewa. Haikuchelewa, ilikuwa imeshafika. Mwalimu mkuu akakohoa kile kikohozi cha mtu asiye na mafua, na mkaguzi akaandika kitu kwenye daftari. Mimi masikio yakaanza kuwaka moto. Nikaitazama chupa ya iodini kama ndiyo iliyonisaliti.

Kuna kijana mmoja darasani tunamwita Wakili, kwa sababu hajawahi kukubali kitu mara ya kwanza. Akasema kwa adabu zake zote kwamba labda kitabu kimekosea. Mori ukanipanda. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumfokea pale mkaguzi alipomgeukia na kumuuliza, kwa utulivu tu, angejuaje kama ni kitabu au ni kitu kingine. Wakili akainamia sahani. Nami nikaufunga mdomo, kwa sababu lile swali lilikuwa langu, na ni mimi niliyepaswa kuliuliza.

Nikapiga moyo konde. Nikawaambia watoto ukweli, kwamba sijui kilichotokea, na kwamba tutatafuta pamoja. Wakatazamana. Sidhani kama waliwahi kunisikia nikisema sijui. Halafu mikono ikaanza kunyooka kila upande, hata wale wa nyuma ambao mwaka mzima nilidhani wanasinzia.

Msichana mmoja akasema huenda iodini hii inageuza kila kitu kuwa cheusi. Tukadondosha tone kwenye sahani tupu, pembeni. Likakaa pale na ukahawia wake. Iodini ikaachiliwa huru, kama alivyosema Wakili.

Mwingine akasema labda siku mbili za kabatini hazikutosha, labda jani lilikuwa bado na akiba ya zamani. Hilo lilinipendeza, lilikuwa wazo la mtu mzima. Tukakumbuka kopo la akiba ambalo lilikuwa bado gizani. Nikachuma jani lake na kulipitisha njia ile ile, maji, spiriti, maji ya vuguvugu. Watoto walisubiri bila kusukumana, jambo ambalo ningelipia ili nilione tena. Iodini ikadondoka, na jani lile likabaki kahawia lote. Kabati nalo halikuwa na kosa. Mwalimu mkuu, nikamwona, alikuwa amesimama na kusogea ili aone vizuri.

Ikabaki karatasi. Wakili akaichukua, akaibandika kwenye kioo cha dirisha na kuweka jicho nyuma yake. Haikupitisha mwanga hata wa dawa. Sasa tukawa tumekwama, sote tumeinamia sahani ile yenye jani jeusi. Mkaguzi alivaa miwani yake na kuinama nasi, na nilihisi anataka kujua kama mtoto yeyote pale.

Wakili ndiye aliyeona kwanza. Akasema pale katikati si peusi sawasawa na pembeni, pamepauka kidogo. Nikalisogeza jani kwenye mwanga. Kweli, mstari ulikuwepo, hafifu, wa weusi mwepesi kidogo kuliko wenzake. Wakaanza kusaidiana kufikiri. Kumbe palipikwa. Palipikwa kidogo. Kwa hiyo pale pia palipata jua, ila kwa muda mfupi. Na karatasi haipitishi mwanga. Basi karatasi iliondolewa, halafu ikarudishwa.

Mimi nikatazama ratiba ya zamu iliyobandikwa mlangoni. Wanaofagia chumba cha sayansi Jumatatu, mapumziko ya saa nne na baada ya chakula, ni wawili, na mmoja wao alikuwa mgonjwa nyumbani. Sikuhitaji kumtaja mtu, kwa sababu Bibi alikuwa ameshasimama mbele ya meza, mikono imeshika sketi.

"Ni mimi, mwalimu," akasema. "Ulisema likikosa jua linakaa na njaa. Na lilikuwa limeshakaa gizani siku mbili. Nikaona majani mengine yote yanakula, hili katikati limezibwa. Nikalifungua saa nne, nikarudi kulifunika saa saba."

Nilisikia hasira ikija, ninaifahamu inavyokuja. Chumba changu, miaka kumi na tisa, na mama mkaguzi na daftari lake. Nikamuuliza kwa nini alirudisha karatasi, kwa nini hakuniambia tu.

"Niliogopa utanifokea kama Ijumaa," akasema. Halafu akaitazama sahani, machozi yakamtoka. "Na sikujua kwamba utakuja kulichemsha."

Wenzake hawakucheka. Mimi ile hasira ikaniishia hapo hapo, ikaacha aibu mahali pake. Mtoto huyu aliuliza swali zuri kuliko yote ya Ijumaa, nikamjibu kama mtu anayefukuza kuku. Akaenda nalo nyumbani siku mbili, akalijibu peke yake kwa kadiri ya akili yake na huruma yake. Tena alilijibu sawa. Alielewa jani linafanya nini juani kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumfundisha, mpaka akashindwa kulivumilia likikosa. Nilitaka kumwambia hayo yote lakini mkaguzi akanitangulia.

Mkaguzi akavuta kiti, akaketi ili uso wake uwe sawa na wa Bibi. Akamuuliza kama kuna jambo jingine analotaka kujua kuhusu mimea, jambo ambalo bado halijajibiwa. Bibi akanitazama kwanza mimi. Nikatikisa kichwa kwamba uliza.

"Mbegu," akasema. "Tulizifukia kwenye udongo. Kule chini hakuna jua, na mbegu haina jani. Inakula nini mpaka itoke?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni, nimelisema miaka kumi na tisa. Nikalimeza. Nikaenda kwenye bakuli la maharage niliyokuwa nimeyaloweka nyumbani tangu jana yake kwa kipindi cha wiki ile, nikamchagulia moja lililovimba, nikamwambia alimenye ganda na kulitenganisha vipande viwili. Akalifungua taratibu kwa kucha. Ndani, pembeni ya kipande kimoja, kilikuwepo kijimmea kidogo, kina vijani viwili vimekunjwa kama nguo za mtoto mchanga. Watoto wa nyuma wakaniomba wapite mbele. Nikampa Bibi kibomba cha kudondoshea iodini, adondoshe mwenyewe.

Tone likaangukia pale palipo panene. Likawa jeusi tii, hata kuliko jani.

Bibi alilisogeza lile harage karibu na pua. Nikaona jibu linamwingia, nikaona kabisa usoni pake.

"Mama yake alimfungia chakula," akasema polepole. "Alijua kule anakokwenda ni giza."

Mkaguzi akafunga daftari. Alimwuliza mwalimu mkuu, bila kupandisha sauti, ni ubao gani shuleni hapa ungeweza kufanya hayo. Mwalimu mkuu akajibu kwamba madawati atayatafutia pengine, labda nyuma ya vyoo, na palepale akaomba na yeye apewe harage moja alipasue. Alilidondoshea iodini, akatazama, akaomba la pili.

Jumatatu iliyofuata tulirudia jaribio. Nilipolitoa kopo kabatini darasa zima lilikuwa limekuja saa moja kasoro, kabla ya kengele, na paka naye yupo dirishani, hakukimbia. Karatasi na kibanio nikampa Bibi. Nilimweleza kwamba jani moja likikosa kupika kwa siku moja mmea haufi, mengine yanaligawia, ndiyo maana mmea una majani mengi. Akafikiri. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia ninavyojua ni hivyo, ila akitaka tunaweza kuchunguza. Akasema tutachunguza, lakini si leo.

Akabana karatasi yake vizuri, juu na chini. Halafu akaliinamia lile jani na kuliambia pole, ni mpaka saa nane tu.

Mimi ni mtu ambaye nikimkanyaga mwenzangu kwenye foleni namwuliza mguu wake ulifuata nini pale. Lakini asubuhi ile nilichuchumaa kando ya mtoto yule, mbele ya wenzake wote, nikamwambia pole kwa ajili ya ile Ijumaa.

Akanipigapiga begani, kama anavyofanya kwa benchi.