Saa Aliyozaliwa Yongzhi

Baozhu hakumwamini mtu anayeuliza swali huku akitabasamu, na Ruoqing, mchumba wa mwanawe, aliuliza hivyo hivyo. Alikuwa amesimama mbele ya jiko ambapo Baozhu aliuza tambi, bakuli mkononi, kana kwamba jambo lenyewe dogo tu.

"Mama, hivi Yongzhi alizaliwa saa ngapi?"

"Asubuhi." Baozhu akatia chumvi kwenye mchuzi aliokwisha kuutia chumvi.

"Asubuhi ya saa ngapi? Bibi yangu anataka karatasi nyekundu ya tarehe za kuzaliwa ifike kabla ya mwezi kwisha. Anasema bila saa, nyota ya bwana harusi haisomeki."

"Saa moja na nusu. Saa ya Joka."

Ulikuwa uongo, tena uongo wa miaka thelathini. Baozhu hakujua Yongzhi alizaliwa saa ngapi kwa sababu hakumzaa. Alimpokea akiwa wa siku tatu, kwenye stendi ya basi, kutoka kwa mwanamke wa milimani aliyekuwa na watoto wanne na mchele wa kulisha wawili. Tarehe aliambiwa. Saa hakuuliza, kwa haraka ya kumfunika mtoto. Wiki hiyo hiyo yeye na mumewe Tianlu walihamia mji wa Zhangzhou, mahali wasipojulikana na mtu, na Joka alilichagua mwenyewe, maana mwaka ule ulikuwa wa Joka na aliona Joka juu ya Joka haliwezi kuleta balaa. Siri ikabaki ya watu wawili. Tangu Tianlu afariki, miaka minane sasa, ilikuwa ya mtu mmoja. Au ndivyo alivyodhani.

Maana kulikuwa na mambo. Siku hizi Baozhu akiingia sebuleni, Yongzhi na Ruoqing wananyamaza. Simu inalazwa kifudifudi. Halafu huyu binti, mhasibu mzima mwenye kazi yake, kila Jumamosi mchana anapanda ghorofani juu ya duka la chai kwa Mwalimu Pan, kujifunza kusoma nyota. Anatafuta nini huko? Baozhu alijiuliza swali hilo akikata vitunguu, akajiuliza tena akihesabu bakuli, na kila mara jibu lilikuwa moja: ananitafuta mimi. Kama nyota ya mtu inaweza kusema mama yake ni nani, basi ameumbuka, na mwanawe atamwendea yule aliyemzaa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Jumamosi iliyofuata alifunga jiko mapema, akapanda ngazi.

"Karibu, Mama Yongzhi," alisema Mwalimu Pan, mzee mwembamba aliyezoea kunywa chai bila kumaliza kikombe. Wanafunzi walikuwa saba, wengi wao wanawake wa rika la Baozhu. Ruoqing alimsogezea kiti bila kushangaa. Hilo nalo Baozhu hakulipenda.

Mwalimu alichora ubaoni nguzo nne: mwaka, mwezi, siku, saa. Kila nguzo ina shina juu na tawi chini, ndiyo maana jumla yake ni herufi nane. Mashina ni ya mti, moto, udongo, chuma na maji. Matawi ni wale wanyama kumi na wawili, na kila mnyama anashika saa mbili za siku. Shina la siku ndiye mtu mwenyewe; waliobaki ni jamaa zake. "Mwaka ni mababu," alisema. "Mwezi ni wazazi. Saa ni watoto."

Aliposikia wazazi, Baozhu aliacha kuandika.

"Mwalimu, hiyo nguzo ya mwezi inaweza kumtaja mzazi? Yaani, kusema ni nani?"

Darasa likacheka. "Inasema kama mzazi anakubeba au anakulemea," Mwalimu alijibu. "Jina na anwani muulize mjumbe wa mtaa."

Baozhu naye akacheka, kwa mara ya kwanza wiki nzima. Basi nyota haitasema kitu. Usiku ule alilala vizuri, na wiki nzima alikariri wanyama na saa zao akikoroga mchuzi, mpaka wateja wakamwuliza anasoma dua gani.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Jumamosi ya pili Mwalimu alitaka mfano, akamgeukia. "Mama Yongzhi, tupe ya mwanao."

Akaitoa: mwaka wa themanini na nane, kiangazi, tarehe, saa moja na nusu asubuhi.

"Ya redio au ya jua?"

Baozhu hakuelewa. Wenzake walielewa mara moja, wakaanza kuguna na kusukumana viwiko. Miaka ile serikali ilisogeza saa mbele kila kiangazi.

"Mimi wangu nilimzaa kiangazi kile kile," alisema mama mmoja wa nyuma. "Mkunga ana saa yake, mume ana saa yake, wanagombana mimi nalia. Nitasahau vipi?"

"Hakuna aliyezaa mwaka ule akasahau," Mwalimu alikubali. "Kama ni saa ya redio tunatoa saa moja, inakuwa kumi na mbili na nusu. Hapo si Joka tena, ni Sungura. Ni ipi, mama?"

"Ya redio," alisema Baozhu. Kisha akasema, "Hapana. Ya jua."

Mwalimu alishusha chaki. Baozhu aliona aibu. Akamtupia jicho Ruoqing apime anavyomtazama, lakini Ruoqing alikuwa ameinamia daftari lake. Kwenye daftari lile Baozhu aliona jina la mwanawe na herufi nane zimepangwa safi. Wiki moja kabla asingeweza kuzisoma. Sasa alizisoma. Mwaka, Joka. Mwezi, Mbuzi. Na kwenye saa, si Joka wala Sungura. Jogoo.

Jogoo ni saa ya jioni. Kumbe binti alimwuliza saa akiwa nayo tayari. Na mtu wa kumpa saa ya kweli ni mmoja tu duniani.

Hakungoja darasa liishe. Jioni, Yongzhi alipokaa kula na Ruoqing kando yake, Baozhu alibaki amesimama.

"Mmemwona?"

"Nani, Mama?"

"Usinifanye mjinga. Yule wa milimani. Saa ya Jogoo mmeitoa wapi?"

Yongzhi akaweka vijiti chini taratibu. "Wa milimani simjui. Hata kijiji chake sikijui. Saa alinipa Baba."

"Baba yako gani?"

"Baba ninaye mmoja. Ile wiki yake ya mwisho hospitali. Alisema saa niliyozaliwa haijui, ila saa niliyofika mikononi mwako anaijua, maana aliitazama saa ya stendi: kumi na mbili na nusu jioni, mvua inanyesha. Alisema alikuomba anibebe, ukamkatalia mpaka asubuhi."

Baozhu akashika ukingo wa meza. "Miaka minane unajua."

"Miaka minane nasubiri uniambie."

"Na huyu? Kwa nini aje kuniuliza, kama mlikuwa nayo?"

"Mimi nilimkataza, Mama," alisema Ruoqing kwa sauti ndogo. "Nilimwambia si vizuri kukutega. Karatasi tungeandika saa ya heri tu, kama wanavyoandika watu wasiojua saa zao. Bibi angepokea."

"Nilimtuma mimi," alisema Yongzhi. "Nilifikiri, akiulizwa mara hii, kwa harusi yangu, atasema. Ukasema Joka."

Baozhu alitaka kumlaumu Tianlu, na Tianlu hayupo. Alitaka kumlaumu msichana, na msichana alikuwa analia. Akamtazama mwanawe aliyemdhania mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe, akaona jinsi alivyochoka kumsubiri.

"Sikukuzaa," alisema.

"Najua. Niambie yaliyobaki."

Baozhu akavuta kiti, akaketi, akaanza kumweleza tangu walipofika stendi.