Nafasi Aliyoiacha Ghazala

Harub alimfundisha Ghazala kila kitu isipokuwa kukimbia peke yake, na sasa hilo ndilo lililotakiwa.

Sheikh Marhoon, mwenye farasi huyo, alikuwa ameuona mchezo mmoja kwenye kambi ya watu wa mafuta. Mapipa matatu husimamishwa uwanjani, farasi akaja shoti, akayazunguka moja moja kwa karibu, kisha akarudi mbio alikotoka. Aliusimulia barazani kwake Hamriya. Mgeni wake, Thabit wa Sohar, akacheka, akasema farasi wa Marhoon hawajui kukata kona. Sheikh akatamka mbele ya watu wote kwamba Idi mosi farasi wao washindane, na Ghazala akishindwa Thabit aondoke naye. Neno likawa limeshatoka. Harub, aliyekuwa akimimina kahawa, hakuulizwa.

Ghazala alikulia kwenye ardha, ule mchezo wa farasi wawili kwenda shoti bega kwa bega huku waliowapanda wameshikana mikono. Upande wake wa kulia alikuwa akikimbia ndugu yake, mpaka ndugu huyo alipokufa kwa msokoto wa tumbo. Ghazala akasusa majani. Harub naye alitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, akamwacha nyuma kaka yake Amur asijue kama yu hai, na huruma ikamshika. Kila baada ya sala ya alfajiri akawa anamtembeza, yeye mwenyewe upande wa kulia, bega lake likigusa bega la farasi, mpaka Ghazala akarudi kula.

Sasa kila alipompeleka kwenye pipa, Ghazala alizunguka kwa mbali, akaacha katikati upana wa farasi mmoja. Harub aliposhuka akakimbia kwa miguu kati yake na pipa, alizunguka vizuri kabisa. Akipanda, upana ule ule hurudi. Akaweka tende juu ya pipa. Ghazala alinyoosha shingo akazila, miguu isisogee.

"Baba Nasriya, Idi itakuwaje?" mkewe Kheiria alimtania. "Nusu yako ipande, nusu ikimbie?"

Alipoona hacheki, akamsogezea sahani.

"Nnakuombea, Mungu anajua. Lakini ni wewe uliyemshikia ile nafasi, mume wangu. Ungeiacha tupu, angeizoea."

Nafasi ya Harub mwenyewe, aliyoiacha Amur, ilikuwa tupu miaka minne, na hakuizoea.

Ijumaa, kabla ya takbira, imamu aliwaambia wazibe nafasi baina yao. Harub akasogea mpaka bega likagusa bega la jirani, na kwenye sijda akamwombea mnyama yule asiyeweza kujiombea. Aliomba mpaka maneno yakamwishia, akabaki na paji la uso mkekani.

Idi mosi, farasi wa Thabit alipita karibu na mapipa kama anayenusa kutu. Ghazala akaja kwa mbio nzuri zaidi, na kwenye kila pipa akazunguka kwa upana wake. Harub alivuta hatamu mpaka kiganja kikachubuka.

"Anampisha nani huyo, jini?" mtu mmoja akauliza, na uwanja mzima ukacheka.

Jioni lori la Thabit likaja. Ghazala aliukataa ubao wa kupandia. Wanaume walimvuta, wakamsukuma, akasimama kama ukuta. Mwishowe Sheikh Marhoon akaja kwa Harub, macho chini.

"Anakusikiliza wewe tu. Mpandishe."

Harub alitamani kukataa, lakini waliokuwa wakimsukuma walikwisha kuokota fimbo. Akasimama upande wa kulia, akaegemeza bega lake. Ghazala akapanda naye bila tabu. Akamsomea Fatiha sikioni wakati wakimfunga kamba, kisha akashuka.

Lori lilipoondoka, Ghazala alikuwa amejibana kwenye ubavu wa kushoto. Upande wote wa kulia ulikuwa wazi.