Magunzi Yenye Mikono

Jumatatu tarehe 14 Juni 1954, saa saba mchana, sahani ya Kizito ilitolewa chumbani ikiwa imejaa kama ilivyoingia. Bugali ulikuwa umekauka juu. Ndagala, wale dagaa wa ziwani, hawakuguswa.

Basile, muuguzi aliyesimamia nyumba ya wagonjwa wa surua nyuma ya zahanati, aliipeleka sahani kwenye mwanga wa mlango akaitazama. Tangu Jumapili asubuhi sahani zote zilirudi hivyo. Mtoto alikunywa maji tu.

Kizito alikuwa na miaka minne. Aliletwa Uvira kutoka Runingu mwanzoni mwa mwezi, macho yamefumba kwa homa na upele umejaa usoni. Sasa homa ilikuwa imekwisha, na vidonda vya mdomoni vilikuwa vimepona. Basile alikandamiza ulimi wake kwa kijiko akaona koo safi. Alibonyeza tumbo, likawa laini. Kilichobaki ni kikohozi na ngozi iliyokuwa ikibambuka, na kwa sababu hiyo hakuweza kurudishwa bado nyumbani, ambako mama yake alikuwa na mtoto mchanga.

Daktari, aliyepita kila Jumatatu, alimpima uzito akakunja uso. Mtoto aliyetoka katika surua hana akiba mwilini. Daktari aliamuru kwamba ikifika Alhamisi bila mtoto kula, alishwe kwa mpira wa puani, na ikishindikana apelekwe hospitali ya Usumbura. Basile aliitikia. Aliwahi kuona watoto wakipona surua na kufa baada yake, na hakutaka kuona tena.

Nje ya dirisha, upande wa pili wa wavu wa chuma, alikuwa amesimama msichana wa miaka kumi.

"Weye ni mutoto wa nani?" Basile aliuliza.

"Wa Nzeyimana wa Runingu. Jina Domitille. Huyu ni mudogo wangu."

"Baba yako iko wapi?"

"Iko kwenye pamba. Wanavuna. Mama iko na mutoto mudogo. Minye nalala kwa shangazi, Kavimvira."

"Uliuguaga surua?"

"Zamani. Ilinipita."

"Basi simama hapo hapo. Ndani hakuna muzima anayeingia. Na kitu kikishaingia hakitoki, kinachomwa. Ni sahani tu ndiyo inatoka, na ile tunaichemsha. Umesikia?"

"Nimesikia, Muganga. Anakula?"

Basile alimwonyesha sahani.

Jioni ile, uani kwa shangazi yake Concilie, Domitille aliokota kopo la dagaa wa dukani, lile refu lenye kona za mviringo, akakunja kingo zake kwa jiwe zisikate vidole. Alikata magurudumu manne kutoka katika soli ya ndala ya zamani, akayatoboa kwa msumari uliopashwa moto. Ekseli zilikuwa vipande vya tete. Mbele alifunga kamba ya mgomba ya kuvutia. Asubuhi alimkabidhi Basile gari hilo mlangoni.

Kizito alilipokea gari bila kusema neno. Kwa watu wenye nguo nyeupe hakuwa anasema kitu. Lakini alilivuta kuzunguka kitanda, akaweka mawe ndani, akayashusha, akayapakia tena. Alicheka mara moja, gurudumu lilipochomoka.

Mchana sahani ilirudi imejaa.

"Gari ni nzuri," Basile alimwambia msichana. "Lakini gari haishibishi."

"Nimpe mupira wa kucheza?"

"Hata ukimpa ndege ya Sabena. Mutoto anacheza, anacheka, halafu hakuli. Hapo ndipo minye sielewi."

Kwa hiyo chakula cha jioni kilipoletwa Domitille hakuondoka. Alipanda juu ya tofali akakaza macho kwenye wavu. Aliona mambo haya. Kizito alinawa mikono katika kopo. Alikaa chini kwenye mkeka mbele ya sahani, si katikati ya mkeka bali upande mmoja, akiacha nafasi. Aliweka mikono mapajani. Kisha akautazama mlango. Nzi alitua kwenye bugali, akamfukuza, akaendelea kuutazama mlango.

"Kizito, kula."

"Nangoja."

"Unangoja nani?"

"Weye. Na Consolate. Na Nyandwi."

Nyumbani kwa Nzeyimana watoto hao wanne walikula sahani moja. Hakuna aliyetia mkono kabla wote hawajakaa. Aliyetangulia aliondolewa akapewa chake peke yake nyuma ya nyumba, na hakukuwa na adhabu iliyochukiwa zaidi, hata fimbo. Kizito alikuwa ameipata mara moja, kabla ya mavuno, akalia mpaka akatapika.

Domitille alimweleza Basile hayo yote. Basile alikitazama kitanda cha pili chumbani, kilichokuwa kitupu.

"Hapa alikuwako mutoto mwingine," alisema. "Gratien, wa Kavimvira. Kila mumoja alipewa sahani yake. Kila siku nakuta sahani moja tupu, safi, na nyingine imechafuliwa kwa muchuzi. Nilidhani Gratien anamwibia mwenzake."

"Walimwaga chakula sahani moja, wakakula pamoja."

"Walimwaga pamoja. Gratien alitoka Jumamosi."

Domitille alijaribu kwanza jambo jepesi. Alikuwa na kipande cha bugali kwenye jani, alichopewa na shangazi kwa safari. Alikiinua mbele ya wavu, akakimega, akala.

"Ona. Tunakula pamoja."

Kizito alimtazama dada yake alivyotafuna.

"Weye iko na yako," alisema. "Njoo ndani."

"Siruhusiwi."

"Basi nangoja."

Basile naye akajaribu lake, ingawa kanuni ya nyumba haikumruhusu kula chumbani. Alivua koti jeupe, akaingia, akakaa kwenye mkeka, akamega tonge. Kizito aliinuka mara moja, akarudi nyuma hadi ukutani, akasimama amefunga mikono kifuani. Alikuwa amefundishwa kumwachia mtu mzima sahani yake. Basile alikaa pale na tonge mkononi kwa muda, kisha akatoka.

"Umemulea vizuri kupita kiasi," alimwambia Domitille.

"Si minye. Ni mama."

Jumatano asubuhi Concilie alitoka jikoni akakuta mpwa wake ameketi katikati ya magunzi yake ya mahindi, yale aliyoyaweka ya kuwashia moto.

"Na weye, hayo ni kuni zangu."

"Nataka matatu tu, shangazi."

"Ya nini?"

"Ya kula na Kizito."

Concilie aliweka chini beseni la ndagala aliokuwa akienda kuwauza sokoni. Msichana alimweleza, na shangazi alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Kisha akapasua upindo wa kitenge chake cha zamani, akamtupia.

"Consolate umuvike hiki. Anapenda maua yule. Na minye je, simo?"

"Shangazi hakulaka na watoto."

"Haya. Basi nitakufa na njaa yangu."

Domitille alichagua magunzi kwa makini. Moja nene na fupi lilikuwa Nyandwi. Jembamba lilikuwa Consolate. La tatu, la kati, lilikuwa yeye mwenyewe. Kichwa alikifanya kwa ganda kavu la hindi: aliliroweka katika maji lilainike, akalikunja kuwa donge, akalifunika kwa ganda jingine na kulifunga shingoni kwa uzi wa mgomba. Nywele zilikuwa ndevu za mahindi. Macho aliyachora kwa mkaa. Consolate alikuwa amepoteza jino la mbele, kwa hiyo mdomo wake uliachwa na pengo jeupe. Nyandwi alifungiwa tambara tumboni, juu ya gunzi lililokuwa nene tayari, mpaka Concilie akasema kwamba mama yake akiliona atakasirika. Ili wasianguke, kila mmoja alikalishwa ndani ya pete ya magamba ya mgomba yaliyosukwa.

Saa sita alikuwa zahanati. Basile aliwapokea wote watatu, akawageuza huku na huku.

"Huyu munene ni nani?"

"Nyandwi."

"Yeye hana surua, huyo."

Alikwenda jikoni akarudi na beseni la bati badala ya sahani, chakula cha watu kadhaa kikiwa kimewekwa pamoja katikati. Aliliweka kwenye mkeka, akawapanga wanasesere kulizunguka, akatoka.

Kizito alinawa. Alikaa. Alimtazama wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alimgusa Consolate kwenye pengo la mdomo. Alimpiga Nyandwi kofi dogo la tumboni. Dirishani Domitille alishika wavu kwa vidole.

"Huyu ni weye?"

"Ni minye."

"Una nywele nyingi."

"Kula, Kizito. Wote wamekaa."

Mtoto alinyoosha mkono kuelekea beseni, kisha akaurudisha.

"Hawana mikono," alisema.

Domitille aliangalia. Ilikuwa kweli. Alikuwa ametengeneza macho, nywele, jino lililong'oka na tumbo la Nyandwi, na hakutengeneza mikono.

"Watakula na nini?" Kizito aliuliza. Hakuwa anabisha. Alitaka kujua.

Basile alileta beseni mlangoni pamoja na magunzi matatu, akawaweka kwenye kizingiti, ndani ya mstari wa mlango, maana kanuni ilikuwa kanuni.

"Hawatoki," alisema. "Lakini mikono inaweza kuingia. Fanyia huko nje, minye nitafunga huku ndani. Unaanzaje?"

"Natafuta maganda."

Alikimbia hadi jikoni la zahanati, ambako mpishi alikuwa akimenya mahindi. Alirudi na konzi ya maganda mabichi. Alipasua kila ganda kwa ukucha kufuata nyuzi zake, akasuka vipande vitatu vitatu kuwa mikono myembamba, akaacha ncha bila kusukwa, akazichana ziwe vidole. Wa kwanza ulikuwa na vidole vinne. Aliutupa.

"Usiitupe," Basile alisema. "Vinne vinatosha kumega bugali."

"Atavihesabu."

"Anajua kuhesabu?"

"Mpaka tano."

Basile aliketi kwenye kizingiti, magoti yakigusa kidevu, akachoma kila gunzi kwa sindano nene na kupitisha mkono ubavuni mpaka upande wa pili. Vidole vyake vilikuwa vikubwa kwa kazi hiyo. Mkono wa Consolate aliufunga kinyume, kiganja kikatazama nyuma, na Domitille akamwambia kupitia mlangoni afungue afunge upya. Alifungua akafunga upya. Mpishi alikuja kuona kazi gani inamfanya muuguzi akae chini wakati wa chai, akasimama hapo akitoa maoni juu ya tumbo la Nyandwi mpaka akafukuzwa.

Chakula cha mchana kilikuwa kimepoa. Basile aliagiza kingine.

Jua lilikuwa limegeukia milima ya Bijombo na kivuli kimefika uani pale beseni lilipoingia tena. Wanasesere walikaa mahali pao, kila mmoja na mikono miwili ya kijani. Ya Nyandwi ilifika mpaka katikati ya beseni, kwa sababu ganda lake lilikuwa refu, na vidole vilikuwa tayari vimegusa bugali.

Kizito alinawa mikono. Kisha, bila kuambiwa, akachovya vidole katika kopo akanawisha mikono ya magunzi, mmoja mmoja, akaikausha kwa shati lake. Alikaa upande wake wa mkeka.

Alimega tonge dogo akaliweka mbele ya gunzi lenye nywele nyingi, kwa kuwa Domitille ndiye mkubwa. Akamega la pili, la Consolate. La tatu likawa la Nyandwi.

La nne alilibonyeza kwa kidole gumba, akalichovya katika mchuzi, akalitia mdomoni.

Domitille, aliyekuwa amerudi dirishani, alisogeza uso kwenye wavu. Mlangoni Basile alikohoa akiwa amezuia mdomo kwa koti.

Kizito alitafuna polepole. Alimeza. Alimega jingine. Baada ya hapo hakusimama. Alikula bugali wa upande wake, kisha akazunguka kwenye mkeka kwa makalio, akamaliza matonge yaliyokuwa mbele ya wenzake, akiomba ruhusa kwa kila mmoja kwa kutikisa kichwa. Ndagala aliwala na vichwa vyao. Alipofika chini ya beseni alilipangusa kwa kidole.

Kisha akaligeukia gunzi nene na kulitazama kwa muda mrefu.

"Nyandwi," alisema, "weye ni mulafi."

Aliinuka akiwa ameshika beseni kwa mikono miwili, akatembea mpaka mlangoni alipokuwa amesimama Basile katika koti lake jeupe. Alisema naye kwa mara ya kwanza tangu alazwe.

"Muganga, ongeza. Nyandwi amemaliza ndagala yote."

Basile alipokea beseni akaenda jikoni.