Bibi Harusi Asiyepepesa Macho

Betri zake za flashi zilikuwa kwenye chaja siku alipofariki. Alizichomeka asubuhi kabla ya kwenda kupimwa presha, akaniambia nisizichomoe mpaka taa zote ziwe za kijani, nami nikaitikia bila kugeuka kwa sababu nilikuwa nageuza chapati. Alianguka akiwa kwenye foleni. Alasiri wanawake walikuwa wamejaa sebuleni wakisoma Yasini, mikeka imetandikwa hadi mlangoni, na mimi nimekaa kwenye kona nikitazama juu ya kabati, ilipokuwa chaja. Taa moja ikawa ya kijani. Halafu nyingine. Shangazi mmoja aliyetoka Kondoa akaninong'oneza kwamba nimwachie Mungu, nisikodolee ukuta. Sikumwambia kwamba nasubiri betri.

Mume wangu aliitwa Harithi, mpiga picha wa Chang'ombe, hapa Dodoma. Nilianza kuandika haya nikiwa kwenye eda, kwa sababu nilikuwa na muda, na kwa sababu watu waliokuja kutoa pole walimsimulia vibaya. Kila mmoja alisema marehemu alikuwa mtu mpole. Harithi hakuwa mpole. Alikuwa mtu wa kujaribu vitu.

Hakununua tochi bila kuiwasha dukani na kukaa nayo mpaka muuzaji aanze kufunga. Tikiti maji alilipiga kofi, akaliweka sikioni, akalisubiri lijibu. Kiti cha plastiki alikikalia, akaniita nami nikikalie, kisha akamwomba mwenye duka, aliyekuwa mnene kutuzidi sote wawili, naye akikalie. Tulipokuwa wachanga kwenye ndoa nilimuuliza mimi alinijaribu vipi.

"Nilikuja kwenu siku za jua kali bila taarifa," alisema. "Kila nikija ulinipa maji."

"Na kama ningekunyima?"

"Ningerudi na chupa yangu."

Kisa ninachotaka kukiandika kilianza flashi yetu ya kwanza ilipokufa. Ilikufa ndoa ikifungwa, bwana harusi ameshikwa mkono na sheikh. Ilitoa mlio mdogo, moshi mdogo, na harufu ya sufuria iliyosahauliwa. Picha zilizofuata zilikuwa za watu weusi ndani ya chumba cheusi. Wenye harusi hawakugombana sana, maana binamu zao walikuwa wameshapiga kila kitu kwa simu, na hilo ndilo lililomuumiza Harithi kuliko ugomvi.

"Simu zimetumaliza, Mama Rukaya," aliniambia tukirudi. Halafu akapunguza mwendo wa pikipiki. "Kuna mahali pamoja tu simu haiingii."

Nilipajua. Kwenye shughuli za wanawake simu hukusanywa mlangoni ndani ya kapu, ili picha za watu waliojipamba zisizagae mjini, na mpiga picha mwanaume haingii hata awe babu wa bibi harusi.

"Wewe pia huingii," nikamwambia.

"Mimi siingii. Wewe unaingia."

Mpaka siku ile nilikuwa najua kufagia studio, kutandaza pazia la maua na kuwaambia watoto watabasamu. Lakini Harithi alikuwa ameshaniahidi kwa Bi Mwanne, naye Bi Mwanne hakuwa mtu wa kuahidiwa ovyo. Alikuwa anamuoza kijana wake, afisa wa wizara fulani kule Mtumba. Ukoo wake ni wa Kondoa, na mji mzima ulimjua kama mwanamke anayerudisha vitu. Alisharudisha keki kwa sababu imeinama. Alisharudisha beseni zima la sambusa kwa sababu pembe hazilingani. Akiridhika yeye, tungeitwa kila nyumba yenye binti. Asiporidhika, Harithi alikuwa ameshasikia kuhusu kazi ya ulinzi huko Mtumba, na studio yetu ingegeuka duka la vocha. Hilo alinieleza taratibu, huku akijaribu bawaba za mlango ambazo hazikuwa na shida yoyote.

Tukaenda kwa Seth, anayeuza vifaa vya picha mjini, vipya na vilivyotumika. Akatutolea flashi mbili. Moja ilikuwa mpya, inang'aa, ina kioo kidogo chenye tarakimu. Nyingine ilikuwa nzito, imekwaruzwa, na mtu fulani alishaizungushia utepe mweusi.

"Hii mpya inajipima yenyewe, kaka," Seth alisema. "Inatoa mwanga mdogo wa kupima kwanza, halafu ndiyo inapiga mwanga wenyewe. Shemeji anabonyeza tu."

"Na hii ya utepe?"

"Hiyo haijipimi. Mpaka umpime mtu wewe mwenyewe, uzungushe hapa mgongoni, ndiyo upige. Ila haijawahi kumwangusha mtu."

"Nachukua zote. Moja nitakurudishia."

"Kaka, hili ni duka."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mchana."

Seth alitutazama, akatazama saa, akatazama chakula chake kilichokuwa kinapoa kwenye kaunta. Akaturuhusu.

Nyumbani majaribio yalianza. Harithi aliziwasha zote mbili mpaka zikapata joto, akazizima, akaziwasha. Alizipuliza vumbi la uani, ambalo hapa Dodoma halihitaji kutafutwa. Moja aliilalia usiku akidai kwamba begi hukaliwa na watu kwenye gari. Kisha akasema umebaki mtihani mkubwa, ambao ni bibi harusi mwenyewe.

"Nguo nyeupe, uso nusu umefunikwa, na hanyanyui kichwa," alisema. "Hapo ndipo flashi nyingi hulia."

"Bibi harusi tunamtoa wapi?"

Akaingia chumbani. Alitoka amejifunga shuka letu jeupe la kitandani, kichwani ana mtandio wangu wa shanga, akaenda kukaa kwenye kiti cha studio, magoti pamoja, macho chini. Niseme ukweli, alikuwa na haya kunizidi mimi siku yangu.

"Nyanyua uso kidogo," nikamwambia.

"Bibi harusi hanyanyui uso mpaka mama yake amfinye."

Nikamfinya. Nikapiga. Tulikuwa tumezama hivyo mtu alipobisha hodi na kuingia palepale, kama anavyoingia siku zote. Alikuwa Bi Penina, jirani yetu, kaja kurudisha chekeche.

"Mama Rukaya, una mgeni?"

"Bibi harusi," nikasema.

Bi Penina akasogea kwa heshima zote, akainua mtandio kwa ncha za vidole, akakutana na masharubu. Akaushusha tena polepole.

"Haolewi huyu," akasema. "Mrudisheni kwao wakamnyoe."

"Bi Penina," Harithi akamjibu bila kuvunja pozi, "karibu ukae hapa uwe mama wa bwana harusi."

"Nina mboga jikoni, baba. Mungu akujalie mume mwema."

Angekaa, tungejua kila kitu siku ile. Lakini mboga zilikuwa jikoni, na jioni tulipozitazama picha, flashi mpya ilikuwa imeshinda mbali. Shuka lilitoka jeupe bila kuunguzwa na mwanga, shanga zinaonekana moja moja, na macho ya Harithi yametulia, makubwa, kama ya ng'ombe anayesikiliza. Zile za flashi ya utepe, nilizozipima mwenyewe, nyingine zilimtoa kama jini na nyingine kama mkaa. Tukachagua mpya. Ya utepe akaitia kwenye begi lake hata hivyo, kwa sababu alikuwa bado hajamaliza kuijaribu.

Shughuli ilikuwa Mkonze, mchana, ukumbi umefunikwa vitambaa vya zambarau hadi darini. Harithi alibaki nje, nyuma ya ukuta wa jiko, amekalia ndoo. Mlangoni kapu la simu lilikuwa limejaa, ila yangu waliiacha baada ya kuigeuzageuza, maana ilikuwa kitochi, simu ndogo ya vitufe isiyo na kamera. Nikaibana ndani ya ushungi, sikioni, nikaingia.

Picha ya kwanza nilimpiga Bi Mwanne. Alikuwa amekaa katikati kwenye kochi la dhahabu, akiwa na gauni la dhahabu, mtu asingejua kochi linaishia wapi. Aliniita nimwonyeshe. Akatazama kioo cha kamera kwa muda.

"Mbona nimelala?"

Nikaomba radhi, nikarudia. Amefumba. Nikarudia. Amefumba. Nikampiga pamoja na dada zake, wamejipanga kwa urefu, na wote wakatoka wamelala wima kama abiria wa basi la alfajiri. Bi Mwanne akaitazama na hiyo.

"Wewe binti, nimekuita harusini au mazishini?"

Nikarudi nyuma ya nguzo, nikampigia Harithi.

"Wanafumba macho, Baba Rukaya. Karibu wote."

"Wameshakula?"

"Si pilau! Nikibonyeza tu, wamefumba."

Kwenye simu nilimsikia mtu akikata vitunguu. Kisha Harithi akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mgonjwa: "Nilipokuwa bibi harusi, mimi nilifumba?"

"Hukupepesa hata mara moja."

"Ile taa ya kupima," akasema. "Inatangulia. Mwenye macho mazima inamshtua, anafumba, halafu ndiyo mwanga unamkuta. Mimi macho yangu yamekula taa miaka yote hii, hayashtuki tena. Mama Rukaya, tumeijaribu kwa macho mabovu kuliko yote Dodoma."

Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Sikuwa na nafasi ya lolote.

"Nakuletea ile nyingine," akasema.

Aliileta kwa njia pekee iliyokuwepo. Aliwapa wapishi, wapishi wakaitia kwenye hotpoti, na hotpoti ikaingia ukumbini kichwani kwa msichana, sawa na hotpoti nyingine zote. Ambacho Harithi hakukijua ni kwamba hakuna hotpoti iliyopita mbele ya Bi Mwanne bila kufunuliwa. Alifunua. Akaitoa flashi, akaigeuza, akaikagua pembe zake kama anavyokagua sambusa.

"Ya nani hii?"

"Yangu, mama."

"Imekwaruzwa. Irudishe."

"Mama, nakuomba picha moja tu."

Wanawake waliokuwa karibu waliacha kutafuna. Bi Mwanne alinitazama vilevile alivyoitazama flashi, akitafuta mikwaruzo. Kisha akajiegemeza kwenye kochi.

"Moja," akasema.

Nikaifunga flashi juu ya kamera, na Harithi akaanza kunielekeza sikioni. Dari rangi gani? Zambarau. Basi usielekeze juu, watatoka kama mabilinganya. Tafuta kitu cheupe. Nikachana kifuniko cha boksi la keki, nikakifunga nyuma ya flashi kwa mpira wa nywele. Umesimama mbali? Kidogo. Basi ongeza. Ngoma zilikuwa zinapigwa kwa nguvu, simsikii vizuri, nikaibonyeza simu kupitia ushungi ili niisogeze sikioni. Nikabonyeza pasipotakiwa. Na kitochi, ambacho hakina kamera, kina spika ya kuita mtu upande wa pili wa barabara.

Wakati huohuo Bi Mwanne akainua mkono ngoma zinyamaze, apigwe picha yake kwa utulivu. Ukumbi mzima ukawa kimya, na ndani ya kimya kile sauti ya mwanaume ikatoka kichwani kwangu:

"Huyo Bi Mwanne mwambie atoe macho kama amekuta sambusa ina pembe nne!"

Mtu mmoja alipiga kelele. Mitandio ilivutwa vichwani kwa pamoja, kama upepo umepita. Bi Mwanne hakutikisika.

"Nani huyo?"

"Mume wangu, mama."

"Yuko wapi?"

"Nje. Nyuma ya jiko."

"Anatuona?"

"Haoni, mama. Anasikia tu."

"Mwambie afumbe macho hivyohivyo."

Sauti ikatoka tena, ndogo sasa, yenye adabu zake zote: "Nimefumba, mama. Shikamoo."

Bi Mwanne alifungua mdomo kujibu marahaba, lakini marahaba haikutoka. Kilichotoka ni kicheko, kikubwa, kikaanzia kwenye kochi la dhahabu na kupanda, na macho yake yakafunguka wazi kuliko ya mtu yeyote niliyewahi kumpiga picha, kabla yake au baada. Nilizungusha kitufe kama nilivyoona inafaa, si kama nilivyoambiwa, maana hakuna aliyekuwa ananiambia tena. Nikabonyeza.

Aliitazama picha ile muda mrefu.

"Meno yote yanaonekana," akasema.

"Naweza kurudia, mama."

"Uirudie nani kakutuma?" Akanirudishia kamera. "Sasa wapige na hawa."

Flashi mpya tuliirudisha kwa Seth. Aliuliza ina kosa gani, Harithi akamwambia haina kosa lolote, ila aiuze pamoja na macho mengine. Ile ya utepe tuliishi nayo. Tuliitwa Chang'ombe, tukaitwa Mkonze tena, tukaitwa mpaka Kondoa. Kila ukumbi Harithi alikaa nje ya ukuta, na baada ya muda walinzi walimzoea wakawa wanamtolea kiti, ambacho alikijaribu kwanza, na wapishi wakawa wanamtolea sahani, ambayo hakuijaribu kabisa. Alinenepa. Mimi nilishaacha kumpigia kuuliza mwanga, nilikuwa najua, lakini katikati ya shughuli nilimpigia tu.

"Wanafumba?" angeuliza.

"Hawafumbi."

"Haya."

Eda ilipokwisha nilirudi kazini. Wiki hii nina harusi mbili, zote upande wa wanawake. Masudi, mdogo wake Harithi, ndiye anayenipeleka kwa pikipiki. Ananifikisha mlangoni, ananisaidia kushusha begi, kisha anakwenda kwenye shughuli zake. Katikati ya shughuli simpigii mtu; nikimaliza nampigia, anakuja.